Kura, alama ya mchujo au ufuatiliaji wa wahitimu: kipimo kipi kinakufaa kujua kama mafunzo ya ufundi yanaleta ajira?

"Wahitimu wetu wanane kati ya kumi wako kazini." Sentensi ya namna hii hupamba vipeperushi vya vyuo vya ufundi, ripoti za miradi na hotuba za kufunga kozi. Huenda ni kweli tupu. Lakini anayetaka kujua kama mafunzo ndiyo yaliyowapa kazi hao wanane bado hajaambiwa kitu, maana hakuna aliyemwonyesha ni wangapi kati yao wangekuwa kazini hata kama wasingekanyaga karakana ya chuo.

Wangekuwa wapi bila mafunzo? Huwezi kumwona mtu mmoja akiwa amesoma na hajasoma kwa wakati mmoja, kwa hiyo kila kipimo ni namna ya kutafuta watu wengine wa kusimama mahali pake. Ukisikia majina ya kitaalamu yanarushwa mezani, uliza swali moja tu: hao wa kulinganishwa nao wametoka wapi? Njia tano zinazotumika sana zinatofautiana hapo kuliko penginepo. Nazilinganisha kwa ajili ya mtu anayelazimika kuchagua, awe mkuu wa chuo, meneja wa mradi, ofisa wa wizara au mfadhili anayeombwa kulipia tathmini.

Kuwafuatilia wahitimu peke yao

Hii ndiyo njia ya kawaida. Miezi sita au mwaka baada ya kozi, chuo huwapigia simu wahitimu na kuwauliza kama wana kazi, kama kazi hiyo inahusiana na fani waliyosomea, waliipataje, na ni ujuzi gani walioukosa walipofika kazini. Gharama yake ni ndogo, na maswali hayo mawili ya mwisho yana thamani kubwa. Mkufunzi anayesikia kwamba wahitimu wake wa umeme wa majumbani hawajui kusoma mchoro ana cha kurekebisha Jumatatu inayofuata.

Kwa swali la ajira, hata hivyo, njia hii haifai. Chukua mfano wa kubuni. Kati ya wanafunzi 100, waliokuwa na kazi kabla ya kozi ni 20, na mwaka mmoja baadaye ni 62. Ripoti itasema ongezeko ni pointi 42 za asilimia. Sasa tuseme kulikuwa na waombaji wengine 100 wanaofanana na hao kwa kila hali, waliokosa nafasi, na kwao waliokuwa na kazi wamepanda kutoka 20 hadi 51 bila kozi yoyote. Mchango wa mafunzo ni pointi 11. Zile 31 nyingine ni kazi ya muda: watu hujiandikisha kozi wakati mambo yamewakalia vibaya, na wengi wangejinasua hata hivyo. Kijana anakua, msimu unabadilika, uchumi unapumua.

Kuna na tatizo la nani anapokea simu. Aliyepata kazi nzuri hupokea kwa furaha, lakini aliyerudi kukaa nyumbani huona haya, au laini yenyewe imeshazimwa. Chuo kinachojihesabia wahitimu wake, hata kikiwa na nia safi, kitaishia kuwasikia zaidi waliofaulu. Waswahili walishasema, mwamba ngoma ngozi huvutia kwake.

Chagua njia hii ikiwa unataka kuboresha kozi. Neno "mchango" au "athari" usiliweke kwenye ripoti.

Kuwatafuta wanaofanana kwenye karatasi

Njia ya pili huchukua waliosoma, kisha hutafuta, mara nyingi katika takwimu za kaya zilizokwisha kukusanywa, watu ambao hawakusoma lakini wana umri, jinsia, elimu na historia ya kazi inayofanana. Mwaka 1983 Paul Rosenbaum na Donald Rubin walionyesha kwamba sifa hizo zote zinaweza kukunjwa kuwa namba moja, yaani uwezekano wa mtu kujiunga na mafunzo, na watu wakaoanishwa kwa namba hiyo. Tangu hapo mbinu hii imetumika kila mahali, kwa sababu haihitaji kupanga lolote kabla ya kozi kuanza. Mtaalamu anaweza kuitwa baada ya kila kitu kwisha.

Urahisi huo ndio mtego wake. Karatasi inaandika umri na cheti, lakini haiandiki hamu. Anayejiandikisha kozi ya kuchomelea vyuma huenda anafanya hivyo kwa sababu ana shangazi mwenye karakana anayemngoja amalize, au kwa sababu ni mtu wa kujituma ambaye angepata kazi kwa njia yoyote. Pengine ni kinyume: amejiandikisha kwa kuwa amegonga kila mlango na kukosa. Pacha wake wa kwenye takwimu hana shangazi, au hana shida hiyo. Tofauti ya kazi kati yao itahesabiwa kuwa ya mafunzo.

Mtihani maarufu wa mbinu za aina hii ulitolewa na Robert LaLonde mwaka 1986. Nchini Marekani kulikuwa na mradi wa miaka ya 1970 ulioitwa National Supported Work. Uliwapa kazi yenye usimamizi wa karibu watu wenye ugumu mkubwa wa kuajiriwa, wakiwemo waliotoka gerezani na waliokuwa wametumia dawa za kulevya, na walioingia walichaguliwa kwa kura, yaani kwa bahati nasibu. Kwa kuwalinganisha walioshinda kura na walioshindwa, jibu likawa linajulikana: mradi uliongeza kipato. LaLonde akawaweka kando walioshindwa kura, akaweka mahali pao watu kutoka takwimu za kitaifa, kisha akatumia mbinu za kitakwimu zilizokuwa zikiaminiwa wakati ule. Majibu yakatawanyika. Mengine yalionyesha kwamba mradi umewatia washiriki hasara ya maelfu ya dola kwa mwaka. Mradi ni ule ule na washiriki ni wale wale. Aliyebadilika ni mtu wa kulinganishwa naye.

Mwaka 1999 Rajeev Dehejia na Sadek Wahba walirudi kwenye takwimu hizo na kuonyesha kwamba uoanishaji wa makini unaweza kukaribia jibu la kura. Miaka michache baadaye Jeffrey Smith na Petra Todd wakaonyesha kwamba mafanikio hayo yalitegemea sana ni kipande gani cha sampuli kilichotumika. Mabishano hayajaisha, na sidhani kama anayechagua kipimo anahitaji kuyaingia. Kilichokubalika na wengi ni kwamba hesabu si tatizo kubwa kama data. Uoanishaji hukaribia ukweli pale watu wa makundi yote mawili wanapotoka soko moja la ajira, wamejaza dodoso lile lile, na kipato chao cha miaka kadhaa iliyopita kinajulikana mwezi kwa mwezi au mwaka kwa mwaka.

Pima hali yako kwa masharti hayo matatu. Kwenye nchi kama Ujerumani, daftari la hifadhi ya jamii lina historia ya waajiriwa walio wengi, na mbinu hii ina mahali pa kusimama. Pale watu wengi wanapofanya vibarua na biashara ndogo zisizoandikwa popote, historia hiyo haipo, na mtaalamu anayekuahidi kuipata kwa hesabu anapiga ramli kwa kompyuta.

Tofauti ya tofauti

Hapa huangalii viwango, unaangalia mabadiliko. Waliosoma wamepanda kiasi gani tangu mwanzo, wasiosoma wamepanda kiasi gani, toa moja kwenye nyingine. Faida yake ni kwamba sifa za mtu zisizobadilika, kama kujituma au kuwa na shangazi yule, hujifuta zenyewe katika kutoa. Sharti ni kwamba bila mafunzo makundi yote mawili yangekwenda mwendo mmoja.

Katika mafunzo ya kazi sharti hilo huvunjika kwa namna inayojulikana. Mwaka 1978 Orley Ashenfelter aliona kwamba kipato cha waliojiunga na mafunzo kilikuwa kimeporomoka muda mfupi kabla ya kujiunga. Ni jambo la kutarajiwa, maana aliyepoteza kazi ndiye anayetafuta kozi. Lakini ukianza kupima kutoka chini ya bonde hilo, kupanda kwa kawaida kutaonekana kama matunda ya mafunzo. Kwa hiyo usiikubali njia hii kwa mtu mwenye takwimu za mwezi mmoja tu kabla ya kozi. Akiwa na miaka miwili au mitatu nyuma, na mistari ya makundi hayo ikawa inakwenda sambamba, msikilize.

Alama ya mchujo

Chuo kina mtihani wa kuingia, na wanaopata 60 na kuendelea wanapokelewa. Mwenye 59 na mwenye 61 hawana tofauti ya maana isipokuwa mmoja ameingia na mwingine ameachwa. Ukiwalinganisha wa pande mbili za mstari, kwa karibu, unakaribia bahati nasibu bila kuichezesha. Donald Thistlethwaite na Donald Campbell walitumia wazo hili mwaka 1960 kwenye tuzo za wanafunzi, na likalala kwa miongo kadhaa kabla ya wachumi kuliamsha.

Naipenda njia hii kwa sababu inaheshimu utaratibu ambao vyuo tayari vinao. Hakuna wa kushawishiwa kubadili chochote, na inaweza kufanyika hata baada ya kozi kuisha, mradi orodha ya alama za wote walioomba, pamoja na waliokataliwa, imetunzwa. Na hapo ndipo wengi hukwama, kwa kuwa fomu za waliokataliwa hutupwa.

Kasoro zake ni tatu, na ya kwanza ni ya kibinadamu. Mahali ambapo mwalimu anaweza kumwongezea mtu alama mbili ili avuke, au ambapo simu kutoka juu humwingiza mwenye 54, mstari haupo tena. Kabla ya kulipia tathmini, panga alama zote kwenye chati. Ukiona watu wamerundikana kwenye 60 na 61 na kuna pengo kwenye 58 na 59, achana nayo. Kasoro ya pili ni kwamba jibu linawahusu walio karibu na mstari tu, wala halisemi kitu juu ya mwenye 85 wala mwenye 30. Ya tatu ni ukubwa: ili kupata uhakika ule ule wa kura, unahitaji sampuli kubwa zaidi, mara nyingi mara tatu au nne.

Kura

Waombaji 600, nafasi 300. Majina yanachanganywa, yanachotwa, na walioshinda wanaingia. Kwa kuwa hakuna kilichoamua isipokuwa bahati, wenye mashangazi, wenye hamu na waliokata tamaa wamegawanyika pande zote mbili kwa takriban usawa. Mwaka mmoja baadaye tofauti ya ajira kati ya makundi ni mchango wa mafunzo, pamoja na bahati nasibu kidogo inayoweza kuhesabika.

Pingamizi la kwanza huwa la kimaadili: mtamnyimaje mtu mafunzo kwa kura? Pingamizi hili lina nguvu pale nafasi zinapotosha wote, au pale wenye haja kubwa wanapojulikana na wanaweza kutangulizwa. Lakini ikiwa nafasi hazitoshi, kuna watakaokosa kwa vyovyote. Njia mbadala inayotumika kimyakimya ni wa kwanza kufika au anayejuana na mtu, na sioni uadilifu wowote wa ziada humo. Pingamizi la gharama nalo limetiwa chumvi. Kuchezesha kura hakugharimu kitu. Kinachogharimu ni kuwatafuta watu baada ya mwaka, na gharama hiyo ipo kwa kila njia itakayokusanya takwimu zake yenyewe.

Matatizo yanayostahili kukunyima usingizi ni mengine.

La kwanza, si kila mshindi huja, na si kila aliyeshindwa hubaki bila mafunzo. Katika utafiti mkubwa wa JTPA, mpango wa serikali wa mafunzo ya kazi nchini Marekani, uliochezesha kura katika vituo 16 mwishoni mwa miaka ya 1980, si wachache kati ya walioshindwa walipata mafunzo ya namna ile ile kwingine. Hapo unalinganisha kozi yako na kozi nyingine, wakati wewe ulidhani unailinganisha na kukaa bure. Linganisha daima walioshinda wote na walioshindwa wote, hata wasiofika darasani siku moja. Ukiwaondoa wasiofika umeivunja kura kwa mikono yako. Jambo hilo lilitokea katika tathmini ya mpango wa vijana wa Jamhuri ya Dominika: walioshinda lakini hawakuhudhuria hawakufuatiliwa, na watafiti wakalazimika kuanza upya kufikiri jinsi ya kusoma takwimu zao.

La pili ni kupotea kwa watu, na bandu bandu huisha gogo. Ukiwapata asilimia 90 ya waliosoma na asilimia 70 ya walioachwa, kura yako imeanza kufanana na ule ufuatiliaji wa wahitimu wa mwanzo. Kosa hili huanza ofisini: waliosoma wanakijua chuo na chuo kinawajua, wakati walioachwa hawana sababu ya kupokea simu yako. Tenga pesa nyingi zaidi kwa ajili ya walioachwa, hata kama bodi italalamika.

La tatu huwapita wengi. Mshahara unaonekana kwa aliye kazini tu. Kama mafunzo yamewaingiza kazini watu dhaifu ambao vinginevyo wasingeajiriwa, wastani wa mshahara wa waliosoma unaweza kushuka ingawa kila mmoja amenufaika. David Lee alilionyesha tatizo hili mwaka 2009 kwa takwimu za Job Corps, mpango wa Marekani wa mafunzo ya kazi kwa vijana, na akatoa namna ya kuwekea jibu mipaka ya chini na ya juu. Njia nyepesi ni kutompa asiye na kazi alama ya "haijulikani": mwandikie kipato sifuri, kisha linganisha kipato cha wote.

La nne ni zito kuliko yote, na kura ya kawaida hailioni kabisa. Kama nafasi za kazi ni 50 tu na fundi wako aliyesoma amechukua moja, aliyekuwa aipate amekosa. Tathmini itaandika faida, na jamii haijapata hata kazi moja ya ziada. Nchini Ufaransa timu iliyowajumuisha Bruno Crépon na Esther Duflo ilipima jambo hili kwa kupiga kura mara mbili: kwanza kati ya maeneo 235 ya ajira, ili kuamua ni sehemu gani ya vijana wa eneo watapewa msaada wa kutafuta kazi, kuanzia hakuna hata mmoja hadi wote, kisha kati ya vijana wenyewe. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2013, yalionyesha kwamba faida ya waliosaidiwa ilikuwa ya muda na kwa sehemu ilitoka mifukoni mwa wenzao wasiosaidiwa. Ule ulikuwa ushauri wa kutafuta kazi, si ufundi, na ujuzi mpya unaweza kuzaa kazi ambayo haikuwepo. Lakini anayetangaza kwamba kozi yake "imepunguza ukosefu wa ajira" kwa kura ya chuo kimoja amesema zaidi ya anachokijua.

Kabla ya njia, hesabu vichwa

Hapa ndipo mipango mingi ya tathmini hufa, na afadhali ifie kwenye karatasi kuliko baada ya miaka miwili. Tuseme nusu ya wasiosoma watakuwa kazini baada ya mwaka, na unataka nafasi 80 kati ya 100 ya kuigundua tofauti iliyopo, kwa kipimo cha kawaida cha uhakika cha asilimia 95. Kugundua ongezeko la pointi 10 kunahitaji takriban watu 390 kwa kila kundi. Pointi 5 zinahitaji karibu 1,560 kwa kila kundi, na pointi 2 karibu 9,800.

Sasa weka pembeni namba halisi. David McKenzie alipokusanya mwaka 2017 tathmini za kura za mafunzo ya ufundi katika nchi zinazoendelea, alikuta kwamba kati ya kila watu 100 wanaopewa nafasi, ni chini ya watatu tu wanaopata kazi ambayo bila mafunzo wasingeipata. Tathmini ya kozi za wakala wa ajira wa Uturuki, iliyohusisha waombaji zaidi ya 5,000, ilikuta ongezeko la kama pointi 2, na walioomba kozi pamoja na waliozisimamia walikuwa wametarajia makubwa zaidi. Na kama nusu tu ya washindi wa kura ndio wanaohudhuria, tofauti unayoitafuta inagawanyika kwa mbili na sampuli inayohitajika inazidishwa kwa nne.

Maana yake ni kwamba chuo chenye wanafunzi 60 kwa mwaka hakiwezi kupima mchango wake katika ajira, kwa njia yoyote kati ya hizi. Hakuna aibu hapo. Aibu ni kumlipa mtu akupe "hakuna tofauti iliyoonekana" kisha bodi iisome kama "mafunzo hayafai kitu".

Kazi ni nini, na uipime lini

Kwa kipimo cha Shirika la Kazi Duniani, mtu aliyefanya kazi ya malipo au ya faida kwa angalau saa moja katika wiki inayoulizwa kwenye dodoso ameajiriwa. Mwaka 2013 mkutano wa kimataifa wa wanatakwimu wa kazi uliondoa kwenye ajira wale wanaolima kwa ajili ya kula wenyewe. Ukitumia dodoso la kabla ya mabadiliko hayo kwa kundi moja na jipya kwa jingine, umezalisha tofauti isiyokuwepo. Hata ukiwa makini, saa moja kwa wiki ni mstari wa chini sana kwa mtu aliyesomea ufundi miezi sita. Mimi huuliza vitu vitatu: saa alizofanya kazi katika siku saba zilizopita, kipato cha mwezi mzima pamoja na cha biashara yake, na kama kazi ina mkataba au michango ya hifadhi ya jamii. Hilo la mwisho halibadilishi idadi ya walio kazini, lakini mara nyingi ndilo mafunzo hulibadilisha kwanza.

Kuhusu muda, mwenye haraka huadhibiwa. Wakati wa kozi na miezi michache baada yake, waliosoma huwa nyuma, kwa kuwa wenzao walikuwa wakitafuta kazi wao wakiwa darasani. David Card, Jochen Kluve na Andrea Weber walipopitia tathmini zaidi ya 200 walikuta kwamba katika mwaka wa kwanza faida kwa wastani iko karibu na sifuri, na huonekana miaka miwili au mitatu baadaye, hasa kwa mipango inayojenga ujuzi. Lakini muda unaweza pia kukata upande wa pili. Faida ndogo ya Uturuki ilififia ndani ya miaka mitatu, kwa mujibu wa kumbukumbu za hifadhi ya jamii. Nchini Kolombia, ambako kura ya mwaka 2005 ya mpango wa Jóvenes en Acción iliwapa vijana miezi mitatu ya darasa na mitatu kazini, wanawake walionyesha faida kubwa mapema, na kumbukumbu za miaka mingi baadaye zikaonyesha kwamba faida kwenye ajira rasmi haikuyeyuka. Nchini Uganda mafunzo ya chuo na mafunzo ndani ya kampuni yaliwekwa kwenye kura moja. Yote mawili yalisaidia, ila waliokuwa na cheti cha chuo ndio walioendelea kupanda, kwa kuwa walipopoteza kazi waliweza kumwonyesha mwajiri mwingine wanachokijua. Aliyepima kwa mwaka mmoja peke yake asingeiona hadithi hii.

Vipimo viwili basi, mwaka wa kwanza na wa tatu. Pesa zikitosha kimoja tu, ningechukua miezi 24.

Ningechagua nini

Ukiwa na waombaji mara mbili ya nafasi na angalau mamia kadhaa kila upande, chezesha kura. Ikiwa vituo ni vingi na vinafundisha fani ile ile kwenye miji tofauti, viunganishe kwenye kura moja ili kufikisha idadi, na kama bajeti inaruhusu, badilisha pia idadi ya nafasi kati ya mji na mji ili uone kama waliosoma wanawapokonya wenzao kazi.

Ukiwa na mtihani wa kuingia usiochezewa na waombaji wengi karibu na mstari, tumia alama ya mchujo. Mara nyingi hili ndilo chaguo la serikali, ambayo haitaki kusikia neno kura lakini ina maelfu ya fomu kabatini.

Kozi ikiwa imeshaanza, na hakuna mtihani wala kura, tofauti ya tofauti pamoja na uoanishaji ndiyo yaliyobaki, kwa sharti la historia ya kipato ya miaka kadhaa. Chukua wa kulinganisha kutoka kwa walioomba wakakosa au wakabadili mawazo, si kutoka takwimu za taifa. Walioomba angalau wana hamu ile ile. Bila historia hiyo, mimi nisingelipia.

Na kwa chuo kidogo, wafuatilie wahitimu, waulize waajiri wanachokosa, hesabu wanaoacha kozi njiani na kwa nini, kisha kwa suala la ajira tegemea tathmini kubwa za wengine wenye kozi inayofanana na yako kwa muda, fani na aina ya wanafunzi.

Kwa vyovyote, fomu ya maombi ibadilishwe kabla ya kundi lijalo. Iwe na namba ya simu ya mwombaji na za ndugu au marafiki watatu wasioishi naye, kipato chake cha miezi 12 iliyopita, na mahali pa kuandika alama au namba yake ya kura. Fomu za waliokosa zitunzwe kabati moja na za waliopata, na siku ya kuwapigia ikifika, simu za makundi yote mawili zipigwe na mtu wa nje ya chuo, kwa dodoso moja, ndani ya mwezi mmoja.